Joho la Nchi Isiyo na Upande

Wivu wangu ninaujua kwa sentimita. Mwingine atakuambia wivu wake uko moyoni, mwingine machoni. Wangu uko kwenye utepe wa kupimia, kati ya bega na kwapa la mtu mmoja niliyesoma naye masomo ya jioni, na ni sentimita sita kamili. Hizo sita nilizishusha kwa mkono wangu mwenyewe, kwa chaki nyeupe juu ya kitambaa cheusi, Jumatano moja asubuhi, jua limejaa mlangoni pangu pale mtaa wa Bel-Air, Lubumbashi, na akili zangu zote zikiwa nyumbani.

Mimi ni fundi wa nguo. Nimevalisha nusu ya Kampemba, na nusu iliyobaki inavaa mitumba kwa sababu tu haijapata bahati ya kunifahamu. Nilipofika miaka arobaini na miwili nikajiandikisha masomo ya sheria, kule mjini katikati, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili, miaka mitatu. Nilikuwa nafunga mashini, navaa koti, napanda taxi-bus na nyuzi zimening'inia kwenye suruali. Sheria ilinipenda siku ya kwanza. Nilikuwa naongea darasani mpaka taa zinapata joto. Mke wangu anasema hata usingizini nilikuwa nakata rufaa.

Mwaka wa pili akaingia mtu.

Alikuwa muuguzi wa kliniki moja, mrefu kama nguzo ya umeme, mdogo wangu kwa miaka kumi na zaidi, anakuja darasani moja kwa moja kutoka kazini na harufu ya dawa ya kusafishia vidonda. Hata hajakaa, darasa zima likamwita Docta. Mimi niliyekuwa pale mwaka mzima walikuwa wananiita Papa Fundi. Na haongei! Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Anakaa kimya saa nzima, mimi nimeshatoa hoja kumi na nne, nne kati yake nzuri sana. Halafu anainua mkono wa kuume polepole, juu kabisa, kama mtu anayetazama dripu ya mgonjwa imebaki kiasi gani, anasema sentensi mbili, na mama profesa anaandika ile ya pili ubaoni. Yangu hakuwahi kuandika hata moja. Si kwamba nilikuwa nahesabu. Nilikuwa nahesabu.

Shuleni kwetu kuna desturi: wanaomaliza wanaendesha kesi ya maigizo mbele ya familia zao. Watu wanakuja wamevaa vizuri, mama wakwe wanapewa viti vya mbele, na atakayetetea vizuri siku hiyo, jina lake linabaki mtaani kama la mchezaji mpira. Mwaka wetu mama profesa alichagua kesi ya baharini. Sisi, watu wa Lubumbashi! Katika darasa la watu ishirini na watatu, mmoja tu alikuwa ameiona bahari, tena kupitia dirisha la ndege, tena alikuwa anasinzia. Shaba yetu inaijua bahari kuliko sisi.

Kesi yenyewe ilitokana na jambo la zamani, zaidi ya miaka mia iliyopita. Nchi moja kubwa ilikuwa inapigana yenyewe kwa yenyewe, kaskazini na kusini. Nchi nyingine, ng'ambo ya bahari, ikatangaza: sisi hatuna upande. Vizuri. Lakini bandarini kwake kulikuwa na mafundi wa meli, na watu wa kusini wakaja kuagiza meli. Balozi wa kaskazini akaandika barua: hii ni meli ya vita, izuieni. Serikali ikajibu: tutaangalia. Akaandika tena. Tutaangalia. Wakingali wanaangalia, asubuhi moja meli ikatoka bandarini bila mzinga hata mmoja, ikasema inakwenda kujaribu injini na kurudi. Haikurudi. Mizinga iliipatia mbele ya safari, na ikachoma meli za biashara za kaskazini mpaka bahari ikanuka moshi. Vita vilipokwisha, kaskazini ikasema: aliyeiunda na kuiachilia alipe. Badala ya kurushiana risasi upya, wakawaita wasuluhishi watano, wakaketi nao katika mji wa nchi nyingine kabisa, na swali likawa moja: mtu aliyesema hana upande, anadaiwa uangalifu kiasi gani kwa vitu vinavyotoka mlangoni kwake?

Nilipoisikia nikajua kesi hii ilikuwa imenisubiri mimi miaka yote hiyo mia. Kuitetea nchi isiyo na upande! Nani mwingine ana mdomo wa kuiokoa? Nikamwambia mke wangu jioni ileile. Kesho yake nikampigia mama mkwe, kwa sauti ambayo labda haikuhitaji simu. Nikawaambia wateja, na wateja wa jirani. Kufika Jumapili, watu kama elfu saba walikuwa wanajua kwamba nitatetea. Nikanunua kitambaa cheusi, kile kizito kinachoanguka kama maji, nikajikatia joho langu mwenyewe, majina hata hayajatolewa.

Siku ya majina ikafika.

"Upande wa nchi iliyochomewa meli," mama profesa akasoma, "ni mama yetu wa samaki." Huyo alikuwa mwanafunzi mwenzetu, muuza samaki wa kukausha, mwenye sauti inayofika mwisho wa soko bila kuchoka. "Na upande wa nchi isiyo na upande..."

Nikaanza kuinuka. Nilikuwa nimeshafika nusu.

"...ni Docta."

Nikabaki nimekunjika juu ya benchi kama mtu aliyekamatwa na mgongo.

"Papa Fundi, iko nini?"

"Natafuta bic ya kuandikia, mama profesa."

"Wewe nakupa kazi ya kupita zote. Utakuwa mukuu wa wasuluhishi. Batakuwa batano, na wewe katikati."

"Na mukuu anasema nini, mama?"

"Mpaka mwisho, hapana kintu. Anasikiliza. Hiyo mudomo yako imetumika miaka tatu, tuiache ipumuzike kidogo."

Darasa likacheka mpaka madirisha yakajibu. Docta naye alicheka, lakini kidogo, kwa adabu, akaniwekea mkono begani. "Yaya, mi niko na furaha. Ukiwa pale katikati, nitahukumiwa muzuri." Yaya ni kaka mkubwa. Aliniita yaya kwa moyo mweupe kabisa, na ningependelea anitukane.

Mama profesa hakuwa amemaliza. "Na sababu tuko na fundi mu classe, yeye njo atashona matoge mbili ya batetezi. Kitambaa, darasa itanunua."

Toge ni joho jeusi la mwanasheria, lenye kile kitambaa cheupe kifuani. Wote wakapiga makofi. Nikainuka, nikainama kushoto na kulia, nikasema: "Kwa roho moja!" Niliogopa mtu aniulize ni roho ipi.

Docta alikuja kupimwa Jumamosi. Mke wangu ndiye anayefanya kazi ya pindo na vifungo hapo kwangu, na siku hiyo mama yake alikuwa amekuja kututembelea na mguu uliovimba. Kabla sijanyoosha utepe, Docta alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mama mkwe wangu, anabonyeza ule mguu kwa kidole gumba.

"Mama, inauma hapa? Na hapa?"

"Hapo kidogo."

"Ukikaa, uiweke juu ya kiti. Usiiache chini muchana kutwa. Na Jumatatu uje ku kliniki, nitakuonyesha kwa munganga mwenyewe."

Mama mkwe wangu akamtazama kama mtu anayetazama mvua ya kwanza. "Mutoto wangu," akasema, "ulikula?"

Mutoto wangu! Miaka kumi na minane nimeoa pale, na mimi ananiita "bwana ya mutoto yangu". Sijawahi kupandishwa cheo. Wakamletea bukari, ule ugali wetu, ikapanda moshi, na juu ya sahani nikaona kichwa cha samaki ambacho tangu asubuhi nilikuwa nakifahamu kuwa changu. Alikila taratibu, akainyonya mifupa, akashukuru. Mke wangu akasema, kana kwamba hasemi na mtu: "Ule muntu anaongea polepole. Inapumuzisha masikio."

Nikampima nikiwa na njaa. Shingo. Kifua. Bega, na bega lenyewe lilikuwa zuri, bega ambalo fundi analiota. "Nyoosha mkono," nikasema, na utepe ukaenda, ukaenda, nikadhani utaisha.

Sasa nikueleze jambo la kazi yetu. Asiyejua ushonaji anadhani kwamba tundu la kwapa likiwa kubwa na limeshuka chini, mkono unapata uhuru. Ni kinyume. Tundu likishuka sana na mkono wa nguo ukabanwa pale juu, nguo inakaa vizuri mno wakati mikono imelala. Mbele ya kioo unaonekana kama waziri. Lakini inua mkono, uone: nguo yote inapanda nao, kiuno kinakuja kifuani, kola inakuja kooni. Fundi mbaya anafanya hivyo kwa kutojua. Mimi ni fundi mzuri.

Na nilikuwa najua pia kwamba Docta, akifika kwenye sentensi yake ya pili, anainua mkono wa kuume.

Joho la mama wa samaki nililishona kwa mapenzi yote. Angeweza kucheza mpira wa mikono ndani yake. La Docta nikalitandaza mezani Jumatano ile, nikachora kwapa pale linapostahili, nikalitazama. Nikafuta. Nikashusha sentimita sita.

Mke wangu aliliona siku hiyohiyo, likiwa bado vipande. "Hii kwapa iko chini."

"Ni ya kupumulia."

"Ya kupumulia nani? Mi si mugeni ku hii mashini."

"Nitaangalia," nikasema.

Alhamisi, nilipokuwa naunganisha mikono, akalichukua, akaingiza mkono wake, akauinua. Joho zima likamfuata. "Bwana wangu, hii iko toge ao iko mutego?"

"Ni modeli ya Ulaya. Nitaangalia."

Ijumaa asubuhi alikuwa analipiga pasi. Hakuliinua tena. Aliweka pasi chini, akaniambia taratibu kabisa, kwa ule upole wa Docta aliouiga bila kujua: "Wivu iko nakutoka ku vidole. Ungali na saa ya kufumua."

"Nimesema nitaangalia!"

Na hapo nilikuwa na karatasi za kesi magotini, nazisoma kama mkuu wa wasuluhishi anavyopaswa. Kidole changu kilikuwa kwenye mstari unaosema kwamba asiye na upande hatakiwi kuacha bandari yake itumike kumtengenezea rafiki madhara, hasa akiwa ameshaonywa. Nikausoma mara mbili. Nikajiambia: hii ni sheria ya baharini. Bel-Air hakuna bahari.

Docta akaja mchana. Akalivaa mbele ya kioo, mikono chini, na lilimkaa kama ngozi yake. Mke wangu akatoka nje akaenda kumwaga maji ambayo hayakuwa machafu. Docta akaanza kuinua mkono ajikune shingo, na simu yake ikalia. Kliniki walikuwa wanamtaka upesi. Akalivua, akalikunja vibaya, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Yaya, unajua kazi. Mungu akubariki."

Ningeweza kusema: inua mkono kwanza. Maneno matatu. Mimi, mtu wa maneno elfu kwa saa, nikayakosa matatu. Akapanda pikipiki, na joho likaondoka chini ya kwapa lake.

Kesi ilisikilizwa Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa shule. Kwa desturi ingekuwa kwa Kifaransa, lakini mama profesa aliruhusu Kiswahili ili mama zetu nao wahukumu. Mama mkwe alikuwa mstari wa mbele, mguu juu ya kiti cha pili, kama alivyoagizwa. Mke wangu alikuwa nyuma yake. Nilikuwa katikati ya wasuluhishi watano, mezani kuna kitambaa cha kijani, na mdomo wangu umefungwa kwa amri.

Mama wa samaki akatetea kwanza. Aliruka, alipaa, alipunga mikono mpaka karatasi zikatoka mezani. "Balimuandikia mara moja! Balimuandikia mara mbili! Anajibu: tutaangalia! Mi nikikuambia mbwa iko nakula samaki yangu, na wewe unaniambia utaangalia, ni nani anakula na ule mbwa?" Ukumbi ukashangilia. Joho lake lilimtii kama bawa.

Docta akasimama. Akaanza taratibu, kama kawaida yake. Akasema nchi isiyo na upande si Mungu, haiwezi kulala na jicho kwenye kila msumari unaopigwa bandarini. Sentensi ya kwanza hiyo. Nikajua ya pili inakuja, nikashika meza.

Mkono ukapanda.

Joho likapanda nao. Pindo likafika magotini, kola ikamshika kooni, kile kitambaa cheupe cha kifuani kikamziba mdomo, na neno lake likatoka kama la mtu aliye chini ya godoro. Ukumbi ulicheka mpaka mabati yakaomba msamaha. Akashusha mkono, akajaribu tena, akakabwa tena. Na mshono haukuchanika, ole wangu, kwa sababu nashona imara.

Niseme ukweli: nilifurahi. Furaha ilinijaa kutoka visiginoni. Kwa muda kama wa kumeza mate hivi, nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika jimbo la Haut-Katanga.

Kisha Docta akakunja mikono yake tumboni, akatulia, akasubiri vicheko viishe. Na alipoongea tena, hakutikisa hata kidole. Alisema kama mtu aliyesimama karibu na kitanda cha mgonjwa.

"Baheshimiwa wasuluhishi, mumecheka, na mi ningecheka. Hii toge, nikiinua mukono, inanikaba. Sasa niulize: ule aliyeishona, alitaka kunikaba? Muko munamuona, iko katikati yenu. Ni yaya yangu. Alinishonea bila kuniomba kintu, muke yake alinipa chakula, mama mukwe yake alinipa kiti. Mukono ya fundi inaweza kukosa, na roho yake ikawa safi. Hakuna hapa anayeweza kusimama aseme huyu baba alijua. Basi na fundi ya meli ni vilevile. Na serikali yake ni vilevile. Kintu kimoja kikiharibika ku mukono ya muntu muzuri, tusimuvike roho mubaya."

"Ni kweli, mutoto wangu!" mama mkwe akapiga kelele. Makofi yakafuata. Mama profesa, nilimwona kwa macho yangu, akageuka akaandika ubaoni.

Tukaingia wasuluhishi watano kwenye chumba kidogo cha nyuma kinachowekwa mafagio. Wawili walikuwa na mama wa samaki: balozi alionya, basi. Wawili walikuwa na Docta. "Ile toge ilimaliza kesi," mmoja akasema. "Ukimuangalia Papa Fundi, unaweza kufikiria alijua?" Wakanitazama wote wanne kwa huruma. Kura yangu ndiyo ilikuwa inabaki.

Nilisimama pale kati ya mafagio. Nikimpa Docta ushindi, ninatoka safi, fundi mwenye mkono uliokosea na roho nyeupe, na yeye anakuwa jina la mtaa. Nikimpa mama wa samaki, Docta anashindwa, na hakuna atakayeuliza kwa nini. Na ubaya ni kwamba mama wa samaki alikuwa na haki! Sheria na wivu wangu walikuwa wamekaa kiti kimoja, wamekumbatiana. Sikuweza kuwatofautisha tena.

"Nimeamua," nikawaambia. "Twendeni."

Tukatoka. Nikasimama na karatasi mkononi. Mama mkwe ananitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye maana. Nyuma yake, mke wangu hakuwa anaitazama karatasi. Alikuwa ananitazama mimi, na akainua mkono wake wa kuume taratibu, juu, kama anayerekebisha kitambaa cha kichwani. Akauacha huko juu. Hakurekebisha kitu.

Nadhani ningeweza kuushinda ule mkono. Lakini nilikuwa nimenyamaza saa mbili nzima, jambo ambalo mwili wangu haujalizoea, na nilipofungua mdomo kitu cha kwanza kutoka kilikuwa kile kilichokuwa kimekaa karibu.

"Mukuu wa wasuluhishi," nikasema, "hawezi kuhukumu. Iko na upande."

Docta akainuka.

"Yaya? Namna gani?"

"Ile kwapa. Nilijua."

Kisha, kwa sababu alikuwa bado mtetezi, na mtetezi mzuri kuliko mimi, akaniuliza kama anavyoulizwa shahidi. "Ulijua mbele ya kukata, ao nyuma ya kukata?"

"Mbele, na nyuma, na siku ya pasi."

"Kuna muntu alikuonya?"

"Mara tatu!" mke wangu akasema kutoka nyuma, akashusha mkono wake. "Kila mara ananijibu: nitaangalia."

Mama wa samaki akacheka peke yake, kicheko cha mtu anayeona samaki wake wanarudi sokoni wenyewe. Docta akashusha macho. Aliligusa lile joho kifuani, akalinyoosha, kisha akageuka kwa wale wasuluhishi wanne.

"Basi muteja wangu alijua," akasema. "Muteja wangu analipa." Na akakaa.

Unajua kilichotokea? Ukumbi mzima ulisimama. Kwa nani? Kwa mama wa samaki aliyeshinda? Kwangu mimi niliyejivua nguo mbele ya mama mkwe? Walisimama kwa Docta. Ameshindwa kesi, amekabwa na joho, amesema sentensi mbili, na watu wanapiga makofi mpaka viganja vinabadilika rangi. Hata katika kuungama dhambi niliyomfanyia, amenipita! Nilipiga makofi na mimi. Nilipiga kwa nguvu, ili nisifikiri.

Mama profesa akasema kwamba usuluhishi haumaliziki bila fidia. Mama wa samaki, ambaye hakuwa na haki ya kuniamulia mimi, akaniamulia: "Toge kwa toge! Na isiwe ya kitambaa ya darasa. Iwe ya kitambaa yake mwenyewe." Nikakumbuka kile kitambaa kizito, kinachoanguka kama maji. Joho langu, nililokwishakata.

Nje, familia zilipokuwa zinapiga picha, Docta alinikuta karibu na ukuta. Hakuniita yaya.

"Juu ya nini ulinifanya vile?"

Nilikuwa na majibu kumi, yote yenye vifungu vya sheria. Nikasema: "Mama mukwe alikuita mutoto wake."

"Ni ile tu?"

"Na kichwa ya samaki. Na ubao. Mama profesa hajawahi kuandika yangu."

Hakucheka. Alifikiri, kama anavyofikiri darasani, akasema: "Mi nilikuwa nanyamaza sababu nilikuwa naogopa nitajaribu kuongea kama wewe, nishindwe." Akaondoka. Na mimi nikabaki na wivu hata kwa hilo, maana ni neno zuri, na angekuwa mtu mwingine angelisema vibaya.

Wiki mbili hakuja. Nikafumua joho langu, nikaliongeza urefu kwa vipande vya ndani, nikapandisha kwapa mahali pake. Mke wangu alikaa karibu, akaweka pindo lenyewe kwa mkono. Docta alipokuja kujaribu nikamwambia yale maneno matatu: inua mkono kwanza. Akauinua, akauacha juu, akautazama kwenye kioo, akanitazama mimi kwenye kioo. Aliuacha huko juu muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Alijua anachofanya. Kisha tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo.

"Sasa napumua, yaya," akasema.

Tangu hapo, hakuna nguo inayotoka mlangoni kwangu kabla mwenyewe hajainua mikono yote miwili, awe bibi harusi, awe mchungaji. Wateja wanadhani ni dua.

Masomo mimi niliishia pale. Shahada yangu iko ukutani juu ya mashini, ndani ya fremu kubwa kuliko mlango. Docta aliendelea na masomo, na mwaka jana akala kiapo cha uwakili. Tulikwenda wote, mama mkwe katikati yetu, mguu wake umepona kabisa. Zamu yake ilipofika, akaombwa ainue mkono wa kuume aape. Watu wote waliutazama ule mkono. Mimi nilitazama kwapa. Mkono ulipanda mpaka mwisho wa urefu wake, na ule ni urefu wa kweli, na kitambaa changu kikabaki kimelala kifuani pake, hakikusogea hata sentimita moja.

"Angalia mutoto wangu," mama mkwe akaninong'oneza, machozi yanamtoka.

"Angalia toge, mama," nikasema.

Hakuitazama.